Mwalimu Marselino Ligunda na Jezi Namba Kumi

Miaka thelathini na moja ya kupuliza filimbi kwenye uwanja wetu inafikia mwisho leo, tarehe 30 Juni. Mwalimu Marselino Ligunda, kocha wa soka wa chuo chetu hapa Ifakara, anastaafu. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, lakini nina hasira, mnivumilie.

Mwalimu alitoka Mahenge na begi moja, akakuta magoli hayana hata nyavu. Ametupa vikombe sita vya kanda. Ametupa na desturi: havai mtu jezi kabla hajapandikiza mpunga msimu mzima kwenye shamba la chuo kule Namawala, shamba linalolisha timu. Anayehitimu hushona jina lake ndani ya kola, kisha humkabidhi jezi mrithi wake mkononi. Obadia, beki wetu wa zamani, alishona akiwa ameipakata, akaiunganisha jezi na suruali yake. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu zikaja hela. Mwaka jana vyuo vya mjini vilianza kuwalipia wachezaji ada, kuwapa simu na posho ya kila mwezi, na wachezaji wetu saba wakahama ndani ya wiki mbili. Siwalaumu vijana, njaa ya bwenini naijua. Nailaumu kamati yetu ya michezo, ambayo katibu wake ni mimi. Badala ya kukaa na Mwalimu tushauriane, na sisi tukanunua wachezaji wanane. Shambani hawakukanyaga hata siku moja. Jamani, tulikuwa na akili gani?

Nkwabi, mtoto wa wafugaji, alikuwa amepandikiza misimu miwili akiisubiri namba kumi, jezi yenye majina tisa kwenye kola. Siku ya nusu fainali kule Kidatu tuliamuru aivae mshambuliaji wa kununuliwa. Mwalimu alitukatalia mara mbili, ya tatu akatii. Tukafungwa tatu bila. Kabla Mwalimu hajamaliza kukusanya jezi, bwana yule alikuwa ndani ya basi la Mikumi, anawahi chuo kingine kilichompandishia dau, na namba kumi yetu mwilini! Simu hapokei mpaka leo.

Kamati ilitaka kumpa Mwalimu saa ya ukutani. Aliikataa, akaomba jezi mpya namba kumi, isiyoandikwa jina. Juzi ofisini ameshona majina yote tisa kwa kichwa, kuanzia la kwanza, mimi nikimtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yamechoka. Nilidhani atanisema. Hakunisema, na hilo limenichoma zaidi.

Jezi hiyo anamkabidhi Nkwabi leo, mbele yenu. Barua ya kununua wale wanane ina sahihi yangu. Ikiletwa nyingine, sisaini.

Shikamoo Mwalimu, na asante. Nenda Mahenge ukapumzike, Mungu akupe afya na usingizi mzuri. Nafasi ya jina la kumi umeiacha wazi kwenye kola. Atalishona Nkwabi mwenyewe, siku atakayohitimu, hapa hapa.