Mzee Rula na Mstari Mmoja

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza mzee wetu, kabla sijaanza naomba kila mtu afungue ukurasa wa mwisho wa ratiba aliyopewa. Ataona maneno yamekatwa kwa wino na mengine yameandikwa juu yake. Msimlaumu mchapaji, kosa ni langu. Mimi ni mpwa wa marehemu, fundi cherehani, na ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Nitalieleza kosa hilo nikifika huko.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1950, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mkunga. Aliyemfuata alikuwa dada yake, ambaye ndiye mama yangu mzazi, kisha akaja mdogo wao wa kiume, aliyeketi hapa mbele. Kutoka kwa baba yake alirithi rula fupi ya mbao, na hiyo rula ilikaa kwenye mfuko wa shati lake mpaka mwisho. Watoto wa mtaani wakamwita Mzee Rula akiwa bado kijana wa miaka thelathini, naye akaitika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957 na kumaliza sekondari mwaka 1970. Kidato cha tatu alirudishiwa mtihani wa hesabu ukiwa na alama tisini na sita. Akajumlisha mwenyewe, akapata tisini na moja, akaupeleka kwa mwalimu. Mwalimu naye, kwa kuona haya, akazikusanya karatasi za darasa zima na kuzijumlisha upya. Mwenzake wa dawati aliporomoka alama nane na akamnunia muhula mzima. Baadaye huyo huyo ndiye aliyemsimamia harusi, kwa hiyo nadhani yaliisha.

Kati ya 1971 na 1973 alisomea uhasibu katika chuo cha biashara, na Januari 1974 akaajiriwa katika kiwanda cha mablanketi. Alifanya kazi hapo miaka thelathini na mmoja, akianza kama karani na kustaafu mwaka 2005 akiwa mhasibu mkuu. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba juu ya ghala, dirisha moja, na nyuzi za sufu zilimfuata mpaka nyumbani kwenye soksi. Makarani waliopita mikononi mwake wanakumbuka amri moja: kosa halifutwi. Halikwanguliwi kwa wembe wala kupakwa rangi nyeupe. Unalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, unaandika lililo sahihi juu yake, unatia sahihi. "Anayekuja nyuma yako aone ulikosea wapi na ulirekebisha vipi," alikuwa akisema. "Ukifuta, umekosea mara mbili."

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, ambaye mimi humwita Mkazamjomba. Walijaliwa watoto watano. Mimi niliingia nyumba hiyo mwaka 1986, nikiwa na miaka minane, baada ya mama yangu kufariki. Baba yangu alikuwa ameshatangulia. Nilikuja na mfuko mmoja wa nguo na kiburi cha mtu mzima.

Wiki ya pili nilijaribu kumwita baba. Akaniketisha jikoni, juu ya kigoda, akaniambia taratibu, "Baba yako yupo, ingawa hatumwoni. Jina lake si kosa, kwa hiyo halikatwi. Mimi niite mjomba." Nilimwelewa kwa akili za mtoto: kwamba mimi ni mgeni, na mgeni akae vizuri. Nikakaa vizuri miaka mingi. Nilikula kama wenzangu, nikavaa kama wao, nikachapwa kama wao, lakini kila fomu iliyouliza uhusiano wangu na mwenye nyumba niliiandika "mpwa" huku moyo ukiniuma. Sikuwahi kumwambia. Ningemwambia nini, na mtu hakuninyima kitu?

Mwaka 1989 redio yake ilianguka ikapasuka, akanigombeza mbele ya wote kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafuta vumbi. Kesho yake, wakati wa chai ya asubuhi, alisimama na shati lake la kazini. "Jana nilisema fulani amevunja redio," akasema, akinionyesha kwa rula. "Nimekosea. Mimi ndiye niliyeiacha ukingoni mwa meza. Aliyesikia la jana, alisikie na la leo." Akaketi, akaomba sukari. Sijaona baba mwingine akifanya hivyo mbele ya watoto, na hata Mkazamjomba alisahau kumpa sukari yenyewe.

Baada ya kustaafu alikuwa mtu wa nyumbani kabisa. Aliwapeleka wajukuu shule kwa miguu, akasimamia madaftari yao, akaja dukani kwangu kila Alhamisi kunipimia vitambaa, kwa sababu hakuiamini tepu yangu. Kusema kweli ilikuwa imevutika.

Septemba 2022 moyo ulianza kumsumbua. Hospitalini muuguzi alimwandikia umri wa miaka sitini na miwili. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akanyamaza. Yeye aliomba kalamu, akakata kwa mstari, akaandika sabini na miwili, akatia sahihi. Alitunzwa nyumbani kwa zamu, bila maumivu makubwa, na Jumapili tarehe 11 Februari 2024, saa mbili asubuhi, akiwa kwenye kiti chake cha dirishani na kikombe kimebaki nusu, alilala na hakuamka. Mkazamjomba anasema alikuwa ametoka kumtania kuhusu chai yake nyepesi.

Sasa lile kosa. Niliandika kwamba ameacha "watoto watano na mpwa mmoja aliyemlea." Ratiba mia mbili zikachapwa. Jana mchana kaka mkubwa alipofungua droo ya marehemu alikuta karatasi ya maagizo ya mazishi, imepigwa mistari kwa rula kama kawaida yake. Ilisema: "Mke mmoja. Watoto sita." Kitinda mimba akacheka, "Mzee kachoka, tuko watano." Mkazamjomba hakucheka. "Miaka arobaini na minane sijamwona akikosea kujumlisha," akasema. "Aanze na watoto wake? Geuza karatasi."

Nyuma aliwaorodhesha kwa tarehe za kuzaliwa. Mimi sikuwekwa mwisho, wala pembeni. Nilikuwa wa tatu, mahali pangu pa miaka yote, na hapakuwa na neno mpwa. Nilitoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo nikalia. Niliporudi, Mkazamjomba alikuwa ameshaweka ratiba mezani na rula ya mbao juu yake. "Kosa halifutwi," akasema. "Keti, sita nyie mgawane." Tulikata mistari mia mbili. Aliyepata mstari uliopinda ajue huo ni wa mkono wangu, anisamehe.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, mke mmoja, watoto sita, wajukuu kumi na wanne, na makarani wasio na idadi wanaojua kunyoosha mstari.

Mjomba, nilikuita hivyo kwa sababu uliniagiza, na jina la baba yangu sijalikata. La kwako ninaliandika juu, kwa mkono huu, mbele ya watu. Lala kwa amani, baba.