Ukurasa Uliokosekana wa Muchangamugumu

Sogezeni viti karibu, wanangu, na wewe Mukashyaka ufungue dirisha, kwa maana maneno yangu ni mengi na pumzi yangu ni chache, na sitaki yeyote kati yenu aseme kesho kwamba hakusikia vizuri. Binti yule aliyeketi mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba maji, asiketi mlangoni. Mpeni kiti cha marehemu mama yenu. Anaitwa Nshobole, anauza vitenge pale Birere, na Mukashyaka amezunguka siku tatu akimtafuta kwa agizo langu. Kwa nini nimemwita mtajua kabla sijanyamaza.

Mali yangu haina ugomvi. Nyumba hii ya mbao, niliyoijenga juu ya jiwe la volkano baada ya moto wa mlima kuichukua ile ya kwanza, ni yako, Jean de Dieu. Shamba la Kibati, na migomba yake na ile mikaratusi iliyoko mpakani, ni lako, Mukashyaka, wala asije mtu kukuambia kwamba mwanamke harithi shamba, kwani nimeandika mbele ya wazee wa kijiji na padre ametia sahihi. Vitabu vyangu vya Kilatini vipelekwe seminari, huko angalau panya hawasomi kwa pupa. Hayo yamekwisha. Kimebaki kile kitabu chenye jalada jeusi kilichoko mezani, nacho ndicho kilichonizuia kufa wiki iliyopita.

Mnakijua. Niliwasomea mkiwa wadogo, na shule ya Kiwanja nilikofundisha miaka thelathini na minne hukisoma mbele ya wanafunzi kila mwaka mpaka leo. Ni historia ya uwanja wa ndege za vita ambao Waingereza waliujenga kule Misri, katikati ya mfereji na milima mikavu, mahali ambapo mchanga umeshikamana hata gari lapita bila kuacha alama. Ulikuwa na jina la Kiingereza ambalo baba yangu Nsabimana hakuweza kulitamka, na wenzake hawakuweza pia, kwa hiyo wakaubatiza wao wenyewe, wakauita Muchangamugumu. Walikuwa Wakongo mia moja na ishirini, wa Rutshuru, wa Kabare, wa Kasai, wa mto mkubwa, waliotolewa kwao wakapandishwa lori, treni na mashua ya Naili, hata wakafika mwaka wa arobaini na tatu kulinda mapipa ya mafuta na kutunza njia ya kurukia ndege, hiyo ambayo sisi hapa Goma twaiita pisti.

Tena waliitunza kwa namna ambayo mimi, niliyesoma habari za majeshi ya Roma, sijaona ya kuizidi. Kila alfajiri walisimama mwanzo wa pisti katika mstari mmoja, mikono wameinyoosha, ncha ya kidole cha huyu ikigusa ncha ya kidole cha yule, na ule upana ndio uliokuwa sehemu ya kila mtu. Kisha waliishusha mikono, wakatembea taratibu, macho chini, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, wakiokota kila kijiwe, kila msumari, kila kipande cha bati, kwa maana jiwe dogo kama yai la njiwa laweza kupasua gurudumu na kuua watu ishirini. Walipofika mwisho, kila mmoja alipaza sauti kwa zamu yake: “Safi!” Sauti ya mwisho ikishasikika, sajini alipandisha bendera, na ndege zilizokuwa zikizunguka juu, zimebeba majeruhi na barua na mikate, zikaruhusiwa kushuka. Fikirini hilo, wanangu. Jenerali mwenye nyota mabegani alizunguka angani akingoja Mshi wa Kabare na Mnyarutshuru waseme neno moja la Kiswahili.

Kwa miezi kumi na saba hakuna gurudumu lililopasuka pale. Mkubwa wa Waingereza aliwapanga siku moja, akawapigia saluti mtu mmoja mmoja, na baba alisema kwamba hata mkewe hakuwahi kumtazama kwa heshima namna ile. Waingereza waliondoka mwaka wa hamsini na sita. Padre rafiki yangu, akipita Kairo mwaka wa sabini na nane, alikwenda kuniangalizia, akaukuta mnara hauna ngazi, lami imepasuka, na upande wa mashariki watu wamepanda matikiti. Nyumba moja ilikuwa bado na ubao wa majina ya marubani. Jina la Mkongo hata moja halikuwamo. Aliponiandikia hivyo niliapa kwamba ubao wao nitaujibu kwa kitabu, nikakusanya kwa baba na kwa wenzake waliokuwa hai, nikitembea kwa miguu mpaka Kalengera na mbali zaidi, na nikaandika majina mia moja na kumi na tisa.

Umesikia hesabu hiyo, Jean de Dieu. Walikuwa mia moja na ishirini.

Ukurasa wa sitini na mbili wa kitabu changu unasema kwamba mwezi wa tatu mwaka wa arobaini na nne ndege kubwa ilivunjika bawa katika kushuka, “kwa uzembe wa askari mmoja aliyeingia pisti bila ruhusa, naye akafa hapo hapo.” Ndivyo ripoti ya Wazungu ilivyosema, nami nilipoandika mara ya kwanza niliamini. Lakini wiki tatu kabla ya kufa kwake, mwaka wa themanini na saba, baba aliniita, tukiwa wawili tu, akaniambia hivi: “Onésime, siku ile waliponiuliza, nilisema sikuona. Niliona. Mimi ndiye niliyekosa.”

Asubuhi ile ndege ya injini nne ilikuwa ikizunguka, ya kwanza ya namna ile kufika Muchangamugumu, na baba, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili na aliyezaliwa mahali ambapo kitu kikubwa kuliko vyote kirukacho ni korongo, aliinua macho. Akatembea hatua kumi akiitazama. Kisha akakumbuka, akarudisha macho chini, akaendelea, na zamu yake ilipofika akapaza sauti na wenzake. Bendera ikapanda. Wakiwa wamesimama pembeni moyo ukamchoma, akamnong’oneza jirani yake katika mstari, Birindwa wa Kabare: “Ndugu yangu, nimeruka hatua kumi. Sikuona chini.” Birindwa akamwambia, “Sema kwa sajini.” Baba akasema, “Atanipiga kiboko mbele ya batu bote.” Birindwa akamtazama, akatukana tusi moja la Kishi, lugha ya kwao, ambalo baba hakunitafsiria, akakimbia.

Alikiona. Kilikuwa chuma cha urefu wa mkono, kimedondoka kwenye lori la mafuta. Alikiinua, akakirusha nje ya njia, na ndege ilikuwa imekwisha kugusa ardhi. Rubani alijaribu kumkwepa. Bawa likavunjika. Watu kumi na mmoja waliokuwamo walitoka na mikwaruzo, na Birindwa akazikwa jioni.

Nshobole, mwanangu, najua mliyoambiwa kwenu. Mukashyaka amenieleza kwamba babu yako mnamwita yule aliyeharibu ndege ya Wazungu, na kwamba baba yako alipokuwa kijana hakuweza kunywa pombe na wenzake Kabare bila mmoja kumchokoza: “Musogee, mutoto ya muvunja-ndege anapita, angalia vikombe!” Wakacheka, naye akaondoka. Na bibi yako mjane aliomba jina la mumewe lisomwe kanisani pamoja na wafu wa vita, akaambiwa kwamba huyo hakufa vitani, alikufa kwa ujinga. Hayo yote yalitoka katika neno moja la baba yangu, na baada ya mwaka wa themanini na saba yalitoka kwangu, maana mimi nilijua, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na nilinakili kitabu upya kwa mwandiko mzuri mwaka wa tisini nikauacha ukurasa wa sitini na mbili kama ulivyokuwa. Nilijiambia kwamba namheshimu mzazi. Nilikuwa nikiona aibu, basi. Wale Warumi niliowafundisha vijana waliandika ushindi wao kwa herufi kubwa na makosa yao kwa herufi ndogo, lakini waliyaandika. Na Maandiko Matakatifu hayakuficha dhambi ya mfalme aliyependwa kuliko wote. Mimi mwalimu wa vyote viwili nilificha.

Siku tatu zilizopita nilimwomba Jean de Dieu auandike upya ukurasa huo kwa mkono wake, kwa sababu vidole vyangu vimekataa. Mlisikia wote alivyonijibu, ukuta wa mbao hauna siri: “Papa, hapana. Bachukue nyumba, bachukue kila kitu, lakini si jina ya mukubwa wetu. Batoto yangu banasoma hiki kitabu ku masomo. Nitabaambia nini?” Nami nikamwita mkaidi, naye akaniambia ukaidi ameurithi, jambo ambalo si uongo.

Sikukasirika, mwanangu. Unampenda babu yako, na umefanya vema. Lakini sikia jinsi mimi ninavyomwona. Mtu yule alikaa na neno hilo miaka arobaini na mitatu, kisha akalitoa kwa mwana ambaye alijua ni mwandishi. Angetaka life, angelisema kwa padre tu. Alinipa kazi, na mimi sikuifanya. Na kama ni fahari unayoiogopea, fahari ya Muchangamugumu haipungui hata kidogo: mtu wa Kabare aliingia mbele ya injini nne kwa ajili ya kosa la mtu wa Rutshuru, na hakuna aliyemwamuru. Pilato hakuwa na askari wa namna hiyo, wala Waingereza. Sisi tulikuwa naye, na tumemweka chini ya neno “uzembe.” Uwanja wetu wa ndege hapa umenyamaza sasa zaidi ya mwaka, hatusikii injini, na watu wa Goma wanasema maneno mabaya kila kabila juu ya jirani yake. Hao watoto wako, wape habari hii wakue nayo.

Ngojeni nipumue.

...Nipe maji kidogo, Mukashyaka. Basi.

Nshobole, nisamehe kwa niaba ya baba yangu, na kwa niaba yangu. Usinijibu upesi kwa kuwa mimi ni muzee na ninakufa; ukitaka kukasirika, kasirika, kiti hicho ni chako. Unasema nini? Inua sauti, binti, masikio yanatangulia kufa. “Papa, muandike jina yake yote.” Hilo tu? Yote. Sema.

Birindwa Cirhuza, mwana wa Nyangezi, wa Kabare.

Jean de Dieu... ninaona umeinuka. Umechukua kitabu. Kalamu iko ndani ya Misale, kile kitabu cha misa, hapo. Vema. Usikwangue ya zamani, piga mstari mmoja tu, ionekane kwamba tulikosa. Andika. “Asubuhi hiyo Nsabimana wa Rutshuru aliruka hatua kumi, akasema safi, na halikuwa kweli. Birindwa Cirhuza, mwana wa Nyangezi, wa Kabare, alirudi badala yake, akaondoa chuma, akaokoa watu kumi na mmoja, akafa. Nsabimana aliulizwa, akasema hakuona.” Weka nukta. Chini yake tia jina langu, na kwamba nilijua.

Hati hiyo ipelekwe Kiwanja waisome mwaka huu, na nakala moja apewe Nshobole aende nayo kwao, na mmoja wenu afuatane naye, aseme kwa kinywa chake mbele ya watu wa Kabare. Wewe, mkubwa. Ndiyo, wewe. Mimi mnizike bila maneno mengi...

Mungu aliyewahesabu wale mia moja na ishirini... awabariki ninyi, Jean de Dieu, Mukashyaka, na Nshobole pamoja nanyi, msimwite mgeni... awape macho, na ujasiri wa kusema... Mikono yangu haiinuki. Iinueni ninyi. Hapo. Juu ya vichwa vyote vitatu.

Sasa soma, mwanangu, nisikie. Polepole... Anza na jina lake.