Maman Thérèse na Leseni Isiyofika Geneva

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na minane katika ofisi yetu ya madalali wa bima hapa Porte de Namur, Ubelgiji, Maman Thérèse Nday anastaafu. Amechoka, na hafichi. Sisi tunaorithi mafaili yake tumechoka hata kabla ya kuyafungua.

Alianza mwaka 1997 akipokea simu, akapanda hadi kuwa msimamizi wa leseni. Kazi hiyo haina sifa. Dalali aliyesajiliwa Ubelgiji hawezi tu kuuza bima Lille au Luxemburg kwa sababu ana wateja huko. Lazima mamlaka ya hapa iarifiwe, nayo iiarifu ya kule, kisha kila nchi iongeze masharti yake. Wateja wetu wana ndugu kila mahali, kwa hiyo Maman Thérèse aliandika barua kila mahali. Mara tano alitumwa Schuman, kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya, kwa mikutano ya kujadili leseni moja ya Ulaya nzima. Mara tano alirudi na kalamu za bure. Bado tunaziandikia.

Muda wote huo hakuna faili lake hata moja lililorudishwa na mamlaka kwa kosa. Mkurugenzi wetu, Papa Mukendi, alijaribu kumharakisha mara moja, mwaka 2009, na hakurudia tena.

Uaminifu huo kwa sheria ulimgharimu. Miaka saba iliyopita dada yake mkubwa, Graciella, aliyemlea kule kwao Likasi baada ya mama yao kufariki, alipiga simu kutoka Geneva akitaka tumkatie bima ya saluni yake. Uswisi iko nje ya Umoja wa Ulaya, na leseni yetu haifiki huko. Maman Thérèse akamjibu kwa Kiswahili cha kwao, ambako dada mkubwa huitwa yaya, "Yaya, kuko mupaka. Siwezi pita." Yeye alimaanisha mpaka wa nchi. Graciella alisikia kwamba hata undugu una mpaka wake, akakata simu. Kila Krismasi tulimwona Maman Thérèse akituma kadi Geneva, na hakuna iliyojibiwa. Ilituuma hata sisi.

Mwezi huu alijaza fomu ya kufuta jina lake kwenye sajili ya taifa ya madalali. Penye sababu aliandika neno moja la Kifaransa, kwamba amechoka: "Fatiguée." Mchana huohuo akaomba simu ya ofisi, akapiga Geneva, akaeleza ule mpaka upya, polepole, kama anavyowaeleza wateja. Sote tukasikia jibu la Graciella, maana simu ile hupaza sauti: "Alors, mudogo yangu, utakuya siku gani?"

Anaondoka Jumamosi kwenda Geneva.

Maman Thérèse, asante kwa kila barua na kila muhuri, na kwa kutusahihisha bila kutuaibisha. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha, na siku nyingi za kubishana na yaya wako uso kwa uso.

Nuru, kitengo cha bima za magari