Fundi Spana, Aliyetaka Aandikwe Hana Kazi

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa nne wa seremala na mshonaji, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha miaka miwili ya ufundi wa mitambo. Mwalimu alimwandikia kwenye ripoti: "Anauliza maswali mno." Ugonjwa huo haukumtoka.

Tarehe 3 Februari 1982 aliajiriwa kiwanda cha nguo, ukumbi wa kufuma. Huko ndiko alikopewa jina la Spana, maana hakutembea bila spana namba kumi na tatu mfukoni. Hata siku ya ndoa, 14 Juni 1986, alipomwoa binti wa idara ya kufungasha, ilitoboa mfuko wa suti ya kuazima. Mjane wake yupo hapa, muulizeni.

Kiwanda kilifungwa 30 Septemba 2009. Miaka minane alizunguka na bahasha yake ya kaki, geti hadi geti, mpaka walinzi wakamzoea. Mwishoni mwa 2017 akachoka. Asilaumiwe, mtu atapiga hodi mara ngapi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe?

Mei mwaka huu, 2018, nyumba yake ikaangukia kwenye utafiti wa nguvukazi. Mdadisi, binti mpole mwenye kishikwambi, akamuuliza, "Baba, wiki nne zilizopita umetafuta kazi?"

"Niitafute wapi, mwanangu? Kote nimemaliza."

Binti akabonyeza. Marehemu akachungulia: ameandikwa nje ya nguvukazi, kundi moja na wasiotaka kazi kabisa.

"Kwa hiyo sina kazi, lakini si mmoja wa wasio na kazi?"

"Ndio utaratibu, baba."

Agosti binti alirudi, maana utafiti huo hupita kila baada ya miezi mitatu. Wiki iliyotangulia marehemu alikuwa ametengeneza cherehani ya jirani, saa moja na robo, akalipwa. Kumbe saa moja kwa wiki inatosha: akaandikwa ana kazi! Siku hiyo hakula. Redio ilipotangaza kwamba ukosefu wa kazi umepungua, aliizima hadi kitufe kikang'oka. "Wanatupunguza kwenye karatasi," alisema. "Kama hatumo kwenye hesabu, nani atahangaika kutujengea kiwanda?" Familia nzima ilikasirika pamoja naye, na hasira hiyo bado tunayo.

Akaapa mzunguko wa Novemba utamkuta macho. Kuanzia 3 Septemba, kila baada ya wiki nne aliandika barua ya kuomba kazi, na binti yake wa kwanza, anayewasomea haya, ndiye aliyezipeleka mbili za mwanzo. Cherehani za majirani akazirudisha, kwa kuwa hakujua ataulizwa wiki ipi. Mtu mwenye mikono ile akawa anakataa kazi ili aaminike kwamba hana kazi!

Kifua chake, kilichokula vumbi la pamba miaka ishirini na saba, kilimlaza hospitali tarehe 22 Oktoba. Barua ya tarehe 29 aliiandika kitandani, akiiomba kazi hospitali hiyo hiyo, maana alikuwa akisikia mashine ya kufulia ikilia chini ya wodi. "Beringi ya ile imekufa, na hawajui," alimwambia muuguzi.

"Mzee, na dripu hiyo utaanza lini?"

"Nitoeni Jumatatu, Jumanne niko kazini."

Muuguzi alicheka, lakini barua aliifikisha. Marehemu alifariki Jumatatu, 12 Novemba, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Alhamisi mdadisi akafika, akakuta viti vimejaa uani. Mjane akamvuta kando. "Mwanangu, mwandike. Safari hii alitafuta. Barua tatu, nakala zake hizi hapa."

Binti alizisoma zote, machozi yakimtoka. "Mama, aliyefariki anatolewa kwenye orodha ya kaya. Sina pa kumweka."

Basi aandikwe hapa. Alikuwa fundi, hakuwa na kazi, na aliitafuta. Ameacha mjane, watoto watatu, wawili kati yao hawana kazi na wanaitafuta, na wajukuu watano.

Mungu amlaze pema fundi huyu, aliyeomba kazi akapewa mapumziko.