Ameitwa

Basi la Kondoa lilikuwa halijafika hata Msalato, mama aliyeketi mbele yangu akamwambia mzee wa baraghashia pembeni yake, "Binti yangu Ruthu ameitwa."

Dodoma hii, mtu akisema ameitwa, tunajua ni serikalini. Mzee akampa mkono. "Hongera sana, mwanangu! Wizara gani?"

"Si wizara, baba. Ameitwa na Mungu. Ameacha ualimu Nzuguni, sasa ni mwinjilisti huko mbele. Nampelekea godoro."

Mzee akaurudisha mkono wake taratibu. "Huko mbele ni kwetu Warangi, Waislamu sisi. Atamhubiria nani?"

"Wapo Wagogo wachache, wanasali chini ya turubai."

"Kwa hiyo turubai ndiyo mtu aache ajira? Mungu hata Nzuguni yupo."

"Yupo, baba. Ila hakumwita Nzuguni." Alisema hivyo akiweka sawa khanga yake begani, utadhani mama wa waziri. Mimi, ambaye mwanangu anasubiri kuitwa mwaka wa tatu huu, nikaangalia nje.

Walibishana hadi basi liliposimama. Konda akauliza nani anashuka.

"Mama yake aliyeitwa!" akajibu yule mama, na basi zima likageuka.

"Hongera, mama!" akadakia abiria mmoja wa nyuma. "Wizara gani?"

Mzee, ambaye alikwisha kumbebea godoro hadi mlangoni huku akinung'unika, akamkata jicho. "Kwani wizara peke yake ndiyo inayoita watu?"