Koti Lisilofungwa Vifungo

OPERETA: Busia, pokea Malaba. Ongea.

ROSEBELLA: Haloo? Haloo! Duka la Mzee Ogutu hapa. Nani huyo?

ANYAIT: Ni mimi.

ROSEBELLA: Mimi nani? Laini inanguruma—

ANYAIT: Anyait. Niko posta ya Malaba.

ROSEBELLA: Anyait! Yoga, dada, hujambo! Watoto wazima?

ANYAIT: Wazima. Harusi ya Ekisa ilikuwaje?

ROSEBELLA: Harusi... ah, ilikuwa nzuri. Watu wengi sana.

ANYAIT: Na koti langu lilikukaa?

ROSEBELLA: Wacha tu! Kila mtu anauliza hilo koti limetoka wapi. Mimi nikasema—

ANYAIT: Ulisema limetoka wapi?

ROSEBELLA: Kwa... kwa dada yangu.

ANYAIT: Haya. Na yule mama wa Nairobi mwenye duka la nguo, aliyekuwa anatafuta mtu wa kuvalisha wateja? Bado hajakuja?

ROSEBELLA: Si nilituma Omagor na lori lake akuambie usije? Mvua iliharibu barabara, mama akaahirisha—

ANYAIT: Omagor alifika. Nikakunja nguo zangu nikarudisha kwa sanduku.

ROSEBELLA: Pole. Siku nyingine atakuja tu.

ANYAIT: Alikuja, Rosebella.

ROSEBELLA: Ati? Sikusikii vizuri, hii laini—

ANYAIT: Jana, akirudi Nairobi, alisimama hapa sokoni kutafuta kitenge. Kwa meza yangu.

ROSEBELLA: [laini inakwaruza] Kwa meza yako?

ANYAIT: Nilikuwa na aproni, jasho tupu. Akaniambia amepata msichana huko Busia, ako na kichwa. Ati huyo msichana anasema blausi ya ndani iwe ya bei ya chini, hata ya soko la Matayos. Juu yake sweta ya kafa-ulaya, mtumba tu, uikate mikono. Halafu kitu ghali kiwe kimoja tu, na usikifunge vifungo. Kwa sababu ukifunga—

ROSEBELLA: Anyait—

ANYAIT: Malizia. Ukifunga?

ROSEBELLA: ...Unaonekana umeazima.

ANYAIT: Maneno yangu, neno kwa neno, kwa mdomo wa mgeni. Halafu akaniangalia toka kichwa mpaka miguu, akasema, "Mama, hata wewe ungeenda akufundishe."

ROSEBELLA: Uuwi! Na wewe ukasema nini?

ANYAIT: Nikampimia kitambaa.

ROSEBELLA: Sikiliza, dada. Nilitaka kumwambia juu yako, Mungu ananiona. Lakini yule anaongea Kiingereza tupu! Ungemjibu nini? Na bwana yako angekubali uende Nairobi? Hao watoto ungewaacha na—

ANYAIT: Uliniuliza?

ROSEBELLA: Mimi nilijua tu—

ANYAIT: Uliniuliza, Rosebella?

ROSEBELLA: ...Hapana.

ANYAIT: Sisi wawili tulikuwa na viatu jozi moja. Wewe misa ya kwanza, mimi misa ya pili. Nilikuwa nakungoja nyuma ya kanisa, miguu kwa umande. Hata siku moja sikuogopa kwamba utapitia mlango mwingine.

ROSEBELLA: Usiseme hivyo. [analia] Tafadhali usiseme hivyo.

ANYAIT: Nataka koti langu. Lile la Paris, mke wa daktari wa hospitali ya Nangina alinipa mimi, kwa mkono wake. Mpe Omagor alete.

ROSEBELLA: Halipo.

ANYAIT: Ati nini?

ROSEBELLA: Mama aliondoka nalo. Anataka kuivalisha sanamu ya dirisha la duka lake—

ANYAIT: Kumbe jana lilikuwa ndani ya gari lake. Hapo mbele yangu.

ROSEBELLA: Anyait? Bado uko? Sema kitu, hata unitukane.

ANYAIT: Unaenda lini?

ROSEBELLA: Leo, na basi ya jioni. Dada, naogopa. Kesho ataniwekea wasichana mbele niwavalishe, na nguo zenyewe sijawahi hata kuziona. Mpango wa nguo zako nilishika kwa kichwa, lakini nguo zikibadilika... nianzie wapi? Nianze na ya ndani ama na ya juu? Niambie kidogo tu—

OPERETA: Malaba, muda umeisha. Mnaongeza?

ROSEBELLA: Ongeza! Anyait, mwambie aongeze! Andika kwa simu yetu hapa, nitalipa mimi—

OPERETA: Aliyepiga ndiye anasema. Malaba?

ANYAIT: Wacha, dada opereta. Kata.