Karatasi Chini ya Kompyuta

Mshonaji: Haloo? Haloo, fundi?

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu?

Mshonaji: Ni mimi, yule dada mshonaji. Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Ulinitengenezea kompyuta ya nyumbani.

Fundi: Ahaa, dada yangu! Za mchana? Cherehani inasemaje?

Mshonaji: Nzuri tu. Fundi, kompyuta imenifungia nje. Tangu jana naandika nywila, inaniambia siyo.

Fundi: Umeangalia herufi kubwa na—

Mshonaji: Nimeangalia kila kitu, kaka. Vidole vimeota sugu. Leo Jumanne, ndiyo siku ya barua ya mdogo wangu. Na simu yangu hii ni ya tochi tu, haifungui barua pepe.

Fundi: Si umpigie?

Mshonaji: Mchana huwa amezima.

Fundi: Amezima? Kwa nini?

[Laini inakwaruza.]

Mshonaji: Alimkimbia mumewe. Alikuwa anampiga. Nikamtafutia chumba mji wa mbali, na simu anawasha jioni dakika kumi tu, basi. Mengine tunaandikiana. Alipo najua mimi peke yangu. Sasa usiniulize tena.

Fundi: Siulizi, dada. Pole. Hilo la kompyuta ni dogo, tutalimaliza sasa hivi. Igeuze mashine. Chini kuna karatasi.

Mshonaji: Hii yenye namba yako ya simu?

Fundi: Hiyo hiyo. Kila mashine inayopita mikononi mwangu naiachia mlango wa uani. Akaunti inaitwa FUNDI, ndiyo msimamizi mkuu. Nywila ni tarakimu sita za mwisho za namba yangu. Wateja wangu mna vichwa vya kusahau, mimi nimejifunza kujihami.

Mshonaji: [anacheka kidogo] Haya, mjanja wewe. Nimeandika FUNDI… na tarakimu… inazunguka…

Fundi: Iache izunguke. Usiiguse.

Mshonaji: Imefunguka! Mungu akubariki, kaka.

Fundi: Si nilikwambia? Sasa nenda kwenye akaunti za watumiaji. Jina lako unaliona?

Mshonaji: Nalion— haloo?

Fundi: Nipo, nipo. Mtandao tu.

Mshonaji: Naliona. Pembeni imeandikwa "mtumiaji wa kawaida". Si mimi ndiye niliyekuwa msimamizi?

Fundi: Ulikuwa wewe. Hiyo haijibadilishi yenyewe… Labda shemeji yako alibonyeza pasipopaswa Jumapili.

Mshonaji: Shemeji gani?

Fundi: Si yule uliyemwambia anipigie?

Mshonaji: Sikumwambia mtu akupigie.

Fundi: Alisema uko jikoni, mikono imejaa unga, umesahau nywila. Kijana mstaarabu, "kaka" kila neno. Nikamwelekeza kama ninavyokuelekeza wewe. Nilisikia sufuria kwa nyuma, na wewe unaimba, nikajua ni kweli yuko kw—

Mshonaji: Nilikuwa naimba. Ee Mola wangu.

Fundi: Ni yeye? Yule mumewe?

Mshonaji: Alikuja kuomba radhi. Alipiga magoti mlangoni, fundi! Nikamwonea huruma. Nikamwambia kaa hapo sebuleni, ule kwanza ndipo uende. Nikamwacha na hii mashine kama nusu saa.

Fundi: Dada, bofya jina lako. "Badilisha nywila." Weka mpya, uingie kwako. Haraka.

Mshonaji: Nakosea kila herufi.

Fundi: Polepole. Herufi moja moja.

Mshonaji: Imekubali. Nimeingia. Nafungua barua… Fundi, hapa kuna barua nimemtumia mdogo wangu Jumapili. Saa kumi jioni.

Fundi: Uliandika wewe?

Mshonaji: Mimi saa kumi nilikuwa nakanda unga! [anasoma] "Mdogo wangu, Jumanne nakuja kukuona. Basi langu linafika saa tisa. Njoo unipokee stendi. Simu yangu mbovu, usinipigie. Na usimwambie mtu."

Fundi: Lo!

Mshonaji: Anamwita… ameandika "kipenzi changu" mwishoni, kama ninavyoandika mimi. Amezisoma barua zetu zote. Alipoaga akasema Jumanne atakuwa safarini. Sikumuuliza wapi. Nilifurahi tu anaondoka.

Fundi: Dada, nisamehe. Sikujua, naapa, sikuju—

Mshonaji: Kuna jibu.

Fundi: Limesema nini?

Mshonaji: [anasoma] "Sawa dada. Sijalala kwa furaha. Nitavaa lile gauni la njano ulilonishonea, unione hata watu wakijaa."

Fundi: Dada, sasa hivi ni saa tisa kasoro dakika nane.

Mshonaji: Kata simu! Kata nimpigie!

Fundi: Lakini si umesema mchana…

Mshonaji: Mimi ndiye niliyemwambia azime. Alikuwa hataki. Nikamgombeza.

Fundi: Jirani basi. Mwenye nyumba wake. Mtu yeyote wa huko, nipe namba nipige mimi huku nawe unapiga kwake!

Mshonaji: Hakuna anayemjua kule, kaka. Ndivyo nilivyotaka.

Fundi: Basi nawatafuta polisi wa mji huo. Ni mji gani? Nitajie tu jina, dada.

Mshonaji: Nikutajie wewe?

Fundi: Dada, huniamini? Una haki. Lakini nitajie.

Mshonaji: Ni—

Fundi: Haloo? Umekatika. Haloo? Mji gani?

Mshonaji: …salio linaisha… gauni la njano, fundi, waambie la nj—

Fundi: Haloo? Mji, dada! Haloo?